Mary Ainsworth na Mtoto Anayesinzia Darasani

Kila wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, ripoti zao hutuletea mtoto mmoja asiye na jina. Ni yule aketiye nyuma, karibu na dirisha, ambaye kabla ya mapumziko ya saa nne huwa amekwisha kulaza kichwa juu ya daftari. Waliopelekwa Mbuji na vijiji vingine vya milima ya Umatengo huandika kwamba sababu ni baridi ya Juni na Julai, na mwendo mrefu wa kupanda na kushuka vilima. Waliopelekwa mwambao wa Ziwa Nyasa, pande za Liuli na Mbamba Bay, huandika kwamba mtoto aliamka kabla ya alfajiri kwenda ufukoni kungoja mitumbwi ya usipa iliyokesha ziwani na taa zake. Wengine hawatafuti sababu. Huandika kwamba mtoto ni mvivu, wakafunga ripoti.

Hatudharau baridi, wala mwendo, wala kazi ya usipa. Malaria tunaijua, na njaa tunaijua. Lakini kila mwalimu aliyekaa darasani miaka michache amepata kuona watoto wawili watokao kitongoji kimoja, wapitao njia moja, wajifunikao mablanketi yaliyonunuliwa duka moja. Mmoja yu macho na mwenziwe anasinzia. Tofauti hiyo haielezwi na hali ya hewa. Ndiyo iliyotufanya tuchague kueleza humu maisha ya Mary Ainsworth, mwanasaikolojia ambaye kazi yake kubwa ya kwanza aliifanya si mbali na sisi, katika vijiji vya Buganda, miaka ya 1954 na 1955. Mambo aliyoyaona huko kwa watoto wachanga yaliwafungulia njia wataalamu waliomfuata, wakaanza kuuliza kwa nini kijana mmoja hulala na kutunza afya yake kwa utulivu, ilhali mwingine hawezi.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 katika mji wa Glendale, jimbo la Ohio, nchini Marekani, akaitwa Mary Dinsmore Salter. Alikuwa kifunguamimba katika nyumba ya mabinti watatu, nyumba iliyopenda vitabu. Mwaka 1918 wazazi wake walihamia Toronto, nchini Kanada, na huko ndiko alikokulia. Akiwa na umri wa miaka 15 alisoma kitabu cha William McDougall juu ya tabia ya binadamu, akagundua jambo ambalo halikuwa limempitia akilini kabla ya siku ile: kwamba mtu anaweza kutafuta ndani ya nafsi yake sababu ya yale anayoyahisi na kuyatenda. Mwaka 1929 aliingia Chuo Kikuu cha Toronto. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1935, ya pili mwaka 1936, na udaktari wa falsafa mwaka 1939.

Mwalimu aliyemwathiri zaidi pale chuoni alikuwa William Blatz. Huyu alifundisha kwamba mtoto mdogo huhitaji kwanza kuwategemea wazazi wake kwa amani, ndipo apate ujasiri wa kutoka na kujifunza mambo mapya. Na jambo geni linapomtisha, huhitaji mahali pa kurudia. Tasnifu ya Mary ilijengwa juu ya fikra hiyo. Wanachuo waiweke moyoni, kwa kuwa tutakutana nayo tena sebuleni kwa mama wa Kiganda.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto aliingia jeshini mwaka 1942, katika kikosi cha wanawake wa Kanada, akapanda hadi cheo cha meja. Kazi yake huko ilikuwa kuchagua watu wa kazi mbalimbali. Baada ya vita alirudi kufundisha Toronto. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London ili mumewe amalizie masomo yake, na Mary akabaki akitafuta kazi. Aliipata kwa tangazo la gazetini. Hivyo ndivyo alivyofika katika Kliniki ya Tavistock, chini ya daktari John Bowlby.

Bowlby alikuwa akichunguza madhara ya kumtenga mtoto mdogo na mama yake. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake juu ya watoto waliokosa malezi ya mama, nayo ilisomwa katika nchi nyingi. Siku hizo hospitali za Uingereza ziliwazuia wazazi kukaa na watoto wao wagonjwa. Mzazi aliruhusiwa kumwona mtoto kwa saa chache tu, na pengine siku chache kwa juma. Mtoto alilia kwanza kwa nguvu, kisha akanyamaza kwa huzuni, na mwishowe akaonekana kutojali tena. Wauguzi walidhani amezoea. Aliporudi nyumbani ndipo wazazi walipoona kwamba hataki kuachwa hata chumba cha pili, na kwamba usiku hushtuka na kulia.

Aliyeyaona mambo haya kwa macho yake na kuyaandika alikuwa James Robertson, naye anastahili aya yake katika jarida la walimu. Robertson hakuanza na shahada. Wakati wa vita alikuwa mtunza tanuri la kupashia jengo joto katika makazi ya watoto yaliyoongozwa na Anna Freud mjini London. Anna Freud alikuwa na utaratibu mmoja: kila mfanyakazi, awe mpishi au mtunza tanuri, aliandika kwenye kadi yale aliyomwona mtoto akiyatenda, na kadi hizo zikazungumzwa kila juma. Hivyo mtu wa tanuri akajifunza kutazama. Mary Ainsworth alipozisoma kumbukumbu za Robertson alivutiwa nazo mno, akaazimia kwamba siku atakapofanya utafiti wake mwenyewe atafuata njia hiyo. Hakujua kwamba siku hiyo ingemkuta Afrika Mashariki.

Mapema mwaka 1954 Leonard Ainsworth alipata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, pale Makerere, Kampala. Mary alimfuata. Kazi hakuwa nayo; alikuwa na wazo tu, na taasisi ikamsaidia kulitekeleza. Alikuwa amesikia juu ya desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi au kwa jamaa mwingine wakati wa kumwachisha ziwa, ili asahau titi. Alikusudia kuwalinganisha watoto waliotengwa hivyo na wale waliobaki na mama zao. Alipofika vijijini akakuta kwamba desturi hiyo ilikuwa imefifia. Wengi hawakuifuata tena. Mpango aliotoka nao ukawa hauna maana.

Tunawaomba wanachuo wakae kidogo hapa. Sisi tuliofundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo hupata taabu sana darasa linapokwenda kinyume cha andalio. Aghalabu tunalisukuma darasa lifuate karatasi. Mary Ainsworth aliiacha karatasi. Aliamua kutazama kile kilichokuwa mbele yake: jinsi mtoto mchanga anavyokua hatua kwa hatua hata kumtambua mtu mmoja kuwa ndiye wake, kumtaka, kumfuata, na kutulia awapo naye. Hali hiyo wataalamu wameipa jina. Sisi tutaiita mfungamano wa mtoto na mlezi.

Alichagua familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alijifunza Luganda kiasi, na mwenziwe katika kazi alikuwa Katie Kibuka, mkalimani na msaidizi wake. Walizitembelea familia hizo kila baada ya majuma mawili, wakakaa muda wa saa mbili kila safari, na baadhi ya familia walizitazama kwa muda upatao miezi tisa. Walikwenda alasiri, wakati ambapo akina mama walipokea wageni. Mama aliketi sebuleni, majirani wakiingia na kutoka, mtoto akipita mikononi mwa shangazi, dada na mgeni. Hakuna maabara iliyoweza kutoa nafasi kama hiyo. Mtoto alikuwa kwao, miongoni mwa watu wengi wampendao, na bado ilionekana wazi kwamba mmoja kati yao alikuwa tofauti kwake.

Ilionekanaje? Mtoto alitabasamu upesi zaidi kwa mama yake. Aliyelia mikononi mwa mwingine alinyamaza alipochukuliwa naye. Mama akiondoka mtoto alilia, au, kama amekwisha kuanza kutambaa, alimfuata. Mama akirudi aliinua mikono. Mgeni akimtisha alificha uso mapajani kwa mama. Na jambo lililomgusa Mary kuliko yote lilikuwa hili: mtoto mwenye amani hakushikamana na mama wakati wote. Alishuka, akatambaa hadi mlangoni, akashika kikapu, akachungulia nje. Kisha akageuka kutazama kama mama yupo, pengine akarudi kumgusa goti, na kutoka tena. Mama alikuwa kituo cha kutokea na kurudia. Yale ambayo Blatz aliyasema darasani kule Toronto yalikuwa yakitendeka juu ya mkeka.

Watoto hawakufanana. Wengi walikuwa wenye mfungamano wa amani: walilia kidogo, na mama akiwepo walichezacheza bila hofu. Wengine walikuwa na wasiwasi: walilia mara kwa mara, hata wakiwa wamepakatwa na mama zao wenyewe. Wachache walikuwa bado hawajaonyesha kumtofautisha mama na watu wengine. Mary alitafuta chanzo cha tofauti hiyo. Alikuwa amekwenda Uganda akiamini, kama wataalamu wengi wa wakati ule, kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama humpa chakula. Lakini wote hawa walinyonya, na bado walitofautiana. Wala tofauti haikutokana na mtoto kuwa na walezi wengi. Kilichoonekana kuwatenga ni mama mwenyewe alivyomjua mtoto wake. Mama wa mtoto mwenye amani aliweza kusimulia habari zake moja moja bila kuchoka: anavyolia akiwa na njaa, anavyolia akiwa na usingizi, kitu gani humchekesha. Aliona dalili ndogo, akaijibu. Tena aghalabu mama huyo alifurahia kumnyonyesha.

Mwishoni mwa mwaka 1955 waliondoka Uganda kwenda Baltimore, Marekani, kwa sababu Leonard alipata kazi huko. Mary aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akifundisha na pia kufanya kazi ya kupima wagonjwa wa akili hospitalini. Katika chuo kile walimu wanawake hawakuruhusiwa kula katika chumba cha walimu wanaume, na mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa wanaume wenye kazi kama yake. Ilimbidi adai haki yake. Mwaka 1960 ndoa yake ilivunjika. Hakujaliwa kupata watoto. Daftari za Uganda zilibaki zikimngoja katikati ya shughuli hizi zote, hata kitabu chake juu ya watoto wachanga wa Uganda kikatoka mwaka 1967, miaka 12 baada ya safari ya mwisho kijijini.

Kabla ya hapo, mwaka 1963, alikuwa ameanza kurudia kazi ile ile katika nyumba za Baltimore. Familia zilikuwa 26, kama zile za Buganda. Safari hii watazamaji walikwenda kila baada ya majuma matatu hivi, wakakaa kama saa nne kila safari, tangu mtoto akiwa na mwezi mmoja hadi alipopita mwaka. Jumla ilifika saa 72 hivi kwa familia moja. Tukumbuke kwamba mwanachuo wetu hukaa darasani kwa dakika 40 na kutoka na hukumu.

Huko Baltimore alikutana na tatizo. Watoto wa Kimarekani walikuwa wamezoea kumwona mama akitoka na kuingia chumbani siku nzima, hivyo nyumbani mwao lile jambo la kwenda na kurudi halikuonekana dhahiri kama kule Buganda. Ndipo, akisaidiwa na Barbara Wittig, alipobuni kipimo kinachoitwa Hali Ngeni. Mama na mtoto huingizwa katika chumba wasichokijua, chenye vitu vya kuchezea. Mgeni huingia. Mama hutoka, hurudi, hutoka tena, hurudi tena. Yote huchukua kama dakika 20. Watu wengi hudhani kwamba kipimo hiki hutazama kilio cha mtoto mama atokapo, sivyo hasa. Hutazama zaidi mama arudipo. Mtoto mwenye mfungamano wa amani humwendea, hutulizwa, na hurudi mchezoni. Mwingine humpita mama kana kwamba hakumwona: huu tutauita mfungamano wa kujitenga. Wa tatu humng'ang'ania na papo hapo humsukuma, asitulie: huu ni mfungamano wa wasiwasi. Matokeo yote yalichapishwa katika kitabu cha mwaka 1978 alichokiandika pamoja na wenzake watatu. Baadaye mwanafunzi wake Mary Main, pamoja na Judith Solomon, wakaongeza kundi la nne, la watoto ambao mfungamano wao umevurugika, mara nyingi kwa kuwa yule wanayemkimbilia ndiye huyo huyo wanayemwogopa.

Jambo moja lilimletea mabishano makali. Mwaka 1972 yeye na Silvia Bell walitangaza kwamba watoto ambao mama zao walijibu kilio upesi katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi kuelekea mwisho wa mwaka. Wapinzani walishikilia kwamba kumchukua mtoto anayelia ni kumfundisha kulia. Haki inatutaka tuseme kwamba mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walichunguza tena jambo hilo na hawakupata matokeo kama yake, kwa hiyo si vema mwalimu kulifundisha kama kanuni ya hesabu. Sisi tunaona kwamba nguvu ya kazi yake haimo katika hesabu za vilio, bali katika lile alilolitambua Buganda: mlezi anayeona dalili na kuijibu.

Sasa tuje kwenye usingizi. Kula mtu aweza kula akiwa na hofu, na kutembea vile vile. Kulala ni jambo lingine, maana anayelala huacha ulinzi. Mwaka 1996 daktari wa Marekani aitwaye Ronald Dahl alieleza kwamba usingizi na tahadhari ni hali mbili zinazopingana mwilini. Binadamu, kama wanyama wengi, hulala vizuri pale ubongo wake unapokubali kwamba mahali ni salama. Kwa mtoto usalama huo si mlango na komeo tu. Ni watu. Mtoto aliyezoea kwamba akiita ataitikiwa hufumba macho. Asiyejua kama ataitikiwa huendelea kusikiliza.

Watafiti wa miaka ya karibuni waliowachunguza vijana na watu wazima wamekuta mara nyingi kwamba wenye mfungamano wa wasiwasi hulalamika zaidi juu ya kukawia kupata usingizi na kushtuka usiku. Wenye mfungamano wa kujitenga mara nyingi husema mambo yao ni mazuri, lakini hukawia kutafuta msaada. Mwaka 2001 madaktari wa Seattle walichunguza wagonjwa wa kisukari, wakaona kwamba wale wenye tabia ya kujitenga, hasa pale mazungumzo yao na mganga yalipokuwa hafifu, hawakufuata matibabu vizuri kama wengine. Haya ni mahusiano, wala hayathibitishi kwamba jambo moja ndilo lililozaa lingine. Mtoto asiyelala huwa na hasira, na hasira yake huwachosha walezi. Huenda basi ukosefu wa usingizi nao ukaudhoofisha mfungamano.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ulitoka kwa Wakisii wa Kenya. Mwaka 1986 Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walieleza watoto wachanga waliofungamana na mama zao na vile vile na wale dada na kaka wadogo waliowalea mchana. Mtoto aliyekuwa na amani kwa mama alionekana kuwa na afya bora ya lishe. Mtoto aliyekuwa na amani kwa yaya wake alionekana kuendelea vizuri zaidi katika akili. Kila mlezi alimpa mtoto alichokuwa nacho: mama chakula na matunzo, yaya michezo na mazungumzo. Utafiti huu umewasaidia wale wanaosema, nasi tunakubaliana nao, kwamba picha ya mama mmoja na mtoto mmoja katika chumba cha maabara haitoshi kueleza malezi ya vijiji vyetu. Na yule yaya wa Kisii ni mtoto wa umri wa shule ya msingi. Yumo darasani kwetu pia, akiwa amembeba mdogo wake jana jioni hadi mgongo ukauma.

Mkoa wetu wa Ruvuma una historia ndefu ya watu kutengana. Wakati wa ukoloni wanaume wa huku walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na wengine wakafika hadi migodi ya kusini. Walikaa miaka, na baadhi hawakurudi. Hata leo, katika baadhi ya kaya, wazazi hulala mashamba ya mbali msimu wa kilimo, na watoto hubaki na bibi, au hubaki wenyewe. Hatusemi kwamba kubaki na bibi ni hasara. Bibi anayemjua mjukuu wake hata akajua kilio chake ni kituo cha kutokea na kurudia sawasawa na mama wa Buganda. Swali ni kama yupo mtu wa namna hiyo.

Tulipokuwa walimu vijana, katika shule moja ya mkoa huu ambayo hatuitaji, tulikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyesinzia kila siku. Tulimsimamisha. Alisinzia amesimama. Tulimtuma kuchota maji ili achangamke, na aliporudi akasinzia. Muhula ulikaribia kwisha tulipopita kwao kwa shughuli nyingine kabisa, tukakuta kwamba mama yake alikuwa shamba la mbali tangu mvua zianze, na kwamba mtoto yule wa miaka kumi alikuwa akilala nyuma ya mlango, juu ya gunia, ili mtu akiingia amkanyage yeye kwanza kabla ya kuwafikia wadogo zake wawili. Hakuwa mvivu. Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, nasi tulikuwa tumemwadhibu kwa zamu hiyo kwa miezi mitatu.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wa mwaka 2016, walisema kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 katika kila saa 24, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Tufanye hesabu ya kwetu. Mtoto anayepaswa kuondoka nyumbani mapema ili awahi namba, akaamka saa kumi na moja alfajiri, anatakiwa awe amelala saa mbili usiku ili apate hizo saa 9 za chini kabisa. Ni nyumba ngapi ambazo saa mbili usiku chakula kimekwisha kuliwa na vyombo vimeoshwa? Mwalimu anayelaumu usingizi wa mtoto na afanye hesabu hiyo ubaoni kwanza, kisha aizungumze na wazazi katika mkutano wa shule.

Kuhusu mfungamano wenyewe, mwalimu hawezi kuwa mama, wala asijaribu. Wala asichukue majina ya makundi ya Mary Ainsworth na kuyabandika juu ya watoto. Makundi yale yalipatikana kwa saa nyingi za kutazama, na yalihusu uhusiano wa watu wawili, si tabia ya mtoto peke yake. Hata hivyo mwalimu aweza kuwa kituo cha pili. Robert Pianta, wa Chuo Kikuu cha Virginia, amechunguza kwa miaka mingi uhusiano wa mwalimu na mtoto mdogo. Yeye na Bridget Hamre walionyesha mwaka 2001 kwamba uhusiano wa ugomvi na mwalimu wa darasa la awali uliambatana na matatizo ya masomo na tabia miaka kadhaa baadaye. Mwalimu anayeitikia salamu kwa kumtazama mtoto usoni, anayeingia darasani akiwa yule yule wa jana, anayegundua kwamba fulani leo hakula, amefanya sehemu kubwa ya kazi ambayo haimo katika silabasi.

Chuo hicho cha Virginia, mjini Charlottesville, ndicho alichohamia Mary Ainsworth katikati ya miaka ya 1970, na ndiko alikostaafu mwaka 1984. Wanafunzi aliowalea walienea katika vyuo vya nchi nyingi. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Uholanzi walikusanya matokeo ya karibu watoto 2,000 waliopimwa kwa Hali Ngeni katika nchi 8, wakakuta kwamba mfungamano wa amani ulikuwa ndio wa kawaida zaidi kwa jumla, kama alivyoukuta vijijini Buganda. Bowlby alifariki mwaka 1990. Mary Ainsworth alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Taasisi ya Saikolojia ya Marekani mwaka 1998, akafariki Charlottesville tarehe 21 Machi 1999, akiwa na umri wa miaka 85.

Wanachuo watakaokwenda Mbuji na Liuli katika mazoezi yajayo watachukua, pamoja na maandalio yao, daftari moja tupu. Kila mmoja atachagua mtoto mmoja, na si lazima awe anayesinzia. Atamtazama mara mbili kwa juma, kabla ya kengele ya asubuhi na wakati wa mapumziko, na kuandika anachokiona: amekuja na nani, amekaa karibu na nani, akiumia anamwendea nani, asipomwona mtu huyo anafanya nini. Neno mvivu halitaandikwa katika daftari hilo, wala neno mtundu. Daftari zitasomwa hapa chuoni siku ya Jumatano ya juma la kwanza baada ya kurudi, mtoto mmoja baada ya mwingine, kama zilivyosomwa kadi za mtunza tanuri.